Jifungeni mikono mapema: barua ya wazi kwa kampuni zinazomiliki programu huria

Waheshimiwa wakurugenzi,

Salaam.

Nawaandikia ninyi mnaoshika hatamu za kampuni ambazo mali yake kubwa ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha, na imeandikwa na watu wengi kuliko walioajiriwa humo. Kampuni iliyonifanya nishike kalamu sitaitaja. Ninachotaka kusema kinawahusu wengi wenu, na baadhi yenu bado mna nafasi ya kutenda tofauti na yale yaliyonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikesha wiki tatu nikitafuta kasoro katika hifadhidata tuliyokuwa tukiitumia kazini. Ilikuwa kasoro ya kutesa. Mtandao ukikatika wakati seva moja inaipelekea nyingine data, kisha ukarudi baada ya sekunde chache, seva ya pili ilijiona imepokea kila kitu ilhali rekodi chache za mwisho hazikufika. Haikutoa onyo lolote. Mteja alisoma salio moja kwenye seva hii na salio jingine kwenye ile, na sisi tukabaki kuulizana nani kakosea. Nilipoipata hatimaye, sababu ilikuwa ndogo kiasi cha kutia hasira: kihesabio kilikuwa kinasogezwa mbele kabla ya uandishi kuthibitishwa. Marekebisho yalikuwa mistari 14. Nikaandika na jaribio la kuhakikisha kosa lile halirudi, nikatuma.

Kabla ya binadamu yeyote kuisoma kazi ile, roboti ya mradi ilinijibu kwamba sijasaini mkataba wa wachangiaji. Nikafungua ukurasa, nikakuta maandishi ya wanasheria, nikateremka mpaka chini, nikabonyeza kitufe cha kukubali. Sikuusoma. Nilijua mradi una leseni huria, nikaamini kwamba hilo linatosha. Kumbe kitufe kile kiliipa kampuni haki ya kuitoa mistari yangu chini ya leseni yoyote itakayoipenda, siku yoyote, bila kuniuliza. Kiraka, yaani marekebisho yale, kikapokelewa. Jina langu likaingia kwenye historia ya msimbo, na siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo jioni ile.

Baadaye kampuni ikapata wenyewe wapya. Asubuhi moja nikavuta toleo jipya, nikaona faili la leseni ni miongoni mwa mafaili yaliyobadilika. Nikalifungua. Mstari wa kwanza tu ulitosha. Mistari yangu 14 ilikuwa palepale, haijaguswa hata nukta, lakini sasa ilikaa ndani ya kitu ambacho mwajiri wangu alipaswa kukiombea ruhusa ili aendelee kukitumia kama alivyokitumia jana yake.

Najua hakuna sheria iliyovunjwa. Kitufe nilikibonyeza mwenyewe. Ndiyo maana barua hii siipeleki kwa wanasheria wenu. Naileta kwenu ninyi mnaoamua, kwa sababu jambo ninalolizungumzia halimo katika mkataba wowote. Mtu anapotoa wiki tatu za usiku wake bila malipo, anafanya hivyo kwa kuamini kwamba kazi yake itabaki pale ilipowekwa. Imani hiyo haionekani kwenye hesabu zenu za mwaka. Ikiondoka, hata hivyo, mtaiona kwa macho, na mifano ya waliotangulia ipo.

Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta, iliinunua hifadhidata huria ya MySQL mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1. Januari 2010 kampuni ya Oracle ikakamilisha kuinunua Sun yenyewe, na kwa mkupuo huohuo ikajikuta na lugha ya programu ya Java, MySQL, programu ya ofisi ya OpenOffice.org, Hudson ya kujenga na kujaribu programu, na mfumo endeshi wa OpenSolaris. Hazina ya namna hiyo sijui kama imewahi kuangukia mikononi mwa kampuni nyingine. Tazameni sasa kilichofuata ndani ya miezi isiyozidi kumi na minane.

Septemba 2010, watu walioijenga OpenOffice.org waliunda taasisi yao, The Document Foundation, wakauchukua msimbo wakauita LibreOffice. Waliialika Oracle ijiunge nao na iwaachie jina la zamani. Haikuwaachia. Januari 2011 wale wa Hudson, baada ya kuambiwa kwamba jina ni mali ya Oracle, walipiga kura wakajiita Jenkins. OpenSolaris ilifungwa, na waliotaka kuiendeleza wakahamia illumos. Ilipofika katikati ya 2011, Oracle ikaipeleka OpenOffice.org kwa Apache Software Foundation na Hudson kwa Eclipse Foundation, taasisi zinazotunza programu huria. Ilitoa yote mawili, jina na msimbo. Lakini watu walikuwa wameshahama, na watu hawakurudi. Leo anayetafuta programu huria ya kuandikia nyaraka anaelekezwa LibreOffice, na anayetaka programu yake ijengwe na kujaribiwa yenyewe anaijua Jenkins. Hudson imebaki jina la kwenye masimulizi.

Kuhusu MySQL nina neno moja la pembeni. Jina lile limetokana na My, binti wa Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha. Alipouona mradi unaelekea kusiko, mwaka 2009 alianza mwingine kutokana na msimbo uleule, akaupa jina la binti yake mdogo, Maria. Ndiyo MariaDB. Kila ninapoandika neno hilo nakumbuka kwamba hati za mauzo zilihamisha msimbo, jina na hakimiliki, na bado mwenye kuujua mradi ule kwa moyo alitoka mlangoni na ujuzi wake wote.

Mtaniambia hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu.

Mwaka 2018, Elastic, kampuni ya programu ya utafutaji ya Elasticsearch, ilipofungua msimbo wa sehemu zake za kulipia, iliwahakikishia watu kwamba leseni huria ya Apache 2.0 ya Elasticsearch haitabadilishwa kamwe. Januari 2021 ikabadilishwa. Mwaka huohuo wa 2018, kampuni iliyo nyuma ya hifadhidata ya Redis ilibadilisha leseni ya baadhi ya vipengele vya nyongeza, watu wakashtuka, nayo ikasema kwa uwazi kwamba kiini cha Redis kitabaki chini ya leseni huria ya BSD. Machi 20, 2024 kiini hicho nacho kikatolewa kwenye BSD. Agosti 10, 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kuandaa seva, kwenye leseni huria ya MPL na kuiweka chini ya BSL, leseni inayomkataza mtu kuitumia kushindana na mwenye nayo.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na hapa deni lilikuwa kwa watu ambao hawana mahali pa kulidai. Wangelidai wapi? Walichoweza kufanya ni kuondoka, na waliondoka kwa kasi ambayo nadhani iliwashangaza hata wenyewe. OpenTofu, iliyotokana na Terraform, ilikuwa chini ya taasisi ya Linux Foundation kabla Septemba 2023 haijaisha. Valkey, iliyotokana na Redis, ilitangazwa siku nane tu baada ya mabadiliko ya leseni, na baadhi ya walioianzisha walikuwa miongoni mwa watunzaji wa Redis yenyewe. Siku nane! Watu hawa wana kazi za kuajiriwa na wana familia. Hawakukusanyika haraka hivyo kwa kupenda ugomvi.

Baadhi ya mambo yamerekebishwa, na ni haki niyaseme. Elastic iliongeza leseni huria ya AGPL Agosti 2024, na Redis ikafanya vivyo hivyo Mei 2025 kwa toleo la 8. Nilifurahi niliposoma habari zile. Lakini sikurudi, na wengi ninaofanya nao kazi hawakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukimwambia ule ni ung'ongo tu, anakuamini, na bado mguu unakataa kusogea. Tulikuwa tumeshahamisha seva, tumeshaandika upya maelekezo ya wafanyakazi, na tumeshazoea kuwauliza maswali watu wengine.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Malalamiko yenu kuhusu pesa yana msingi. Kampuni kubwa za huduma za wingu zilichukua programu mlizozilea, zikaziuza kama huduma zao, zikavuna, na mara nyingi zikarudisha kidogo sana kwa walioandika. Mkono mtupu haulambwi. Mhandisi anayekesha kuziba tundu la usalama anastahili mshahara, na mshahara unatoka kwenye mauzo. Programu huria isiyo na anayeilipia ni hatari kwetu sote: Heartbleed, tundu la usalama la mwaka 2014, ilitufundisha kwamba programu ya OpenSSL, iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikitunzwa na watu wachache wenye fedha kiduchu. Kwa hiyo siwaombi mfanye kazi bure, wala siwatazami kwa jicho baya kwa sababu mnatafuta faida.

Ninachokipinga ni namna mnavyotumia kisingizio cha shida ya pesa. Mradi ukiwa mchanga mnahitaji watu, mnasema ni wetu sote. Sisi tunaandika maelekezo, tunawajibu wageni maswali yao, tunaripoti kasoro, tunawashawishi waajiri wetu waache bidhaa nyingine waje kwenu. Mradi ukishaenea kila mahali na wawekezaji wakianza kuuliza, inagunduliwa ghafla kwamba ni wenu peke yenu. Kama biashara yenu inahitaji leseni yenye masharti, anzeni nayo siku ya kwanza. Tutaisoma na kila mtu ataamua. Wapo watakaokubali, mimi mwenyewe nimelipia programu zilizofungwa na sikujuta. Ila mlango ukifunguliwa kwa neno huria, na kila aliyeingia aliingia kwa neno hilo, msiubadilishe watu wakiwa ndani.

Na msidhani wanaoumia ni wachangiaji tu. Desemba 8, 2020 kampuni ya Red Hat, iliyonunuliwa na IBM mwaka uliotangulia kwa dola bilioni 34, ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, mfumo endeshi wa seva usiolipiwa, itaacha kutunzwa mwisho wa 2021. Watu walikuwa wamepanga kazi zao wakijua kwamba itatunzwa mpaka 2029. Tafadhali lifikirieni hilo kutoka upande wa pili wa meza. Yupo mtu aliyemaliza kuhamishia seva zake zote kwenye toleo la 8 wiki ile. Alikuwa ameliambia shirika lake kwamba hawatahitaji kuhama tena kwa miaka mingi. Jumatano asubuhi anaingia kwa bosi wake kueleza kwamba zaidi ya miaka minane imekuwa miezi kumi na mitatu. Bosi hamjui Red Hat wala IBM. Anamjua huyu aliyemwahidi. Neno lenu linapovunjika, linavunja na neno la kila mtu aliyewadhamini.

Sasa ninachowaomba. Ni kikubwa kimoja, na kinauma kidogo: jivueni uwezo wa kubadilisha leseni peke yenu, na mfanye hivyo sasa, mkiwa bado hamna haja nao.

Nasema uwezo kwa makusudi. Sina shaka kwamba wengi wenu mna nia njema. Lakini nia ni ya mtu, na mtu hubadilika, hustaafu, huuza hisa zake. Mkurugenzi aliyetoa ahadi mwaka huu hatakuwepo ofisini miaka mitano ijayo, na anayekuja hakuahidi kitu. Siku shida inapobisha hodi, kitu kinachowezekana kufanywa kitafanywa. Kwa hiyo msitupe ahadi nyingine. Tupeni hali ambayo hata mkitaka, hamwezi.

Njia zipo na hazihitaji kubuniwa upya. Tazameni kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Hakuna mkataba kama ule nilioubonyeza mimi. Tangu 2004, anayetuma kiraka huongeza mwishoni mstari mmoja unaoanza na Signed-off-by, jina lake na anwani yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi ile chini ya leseni ya mradi. Basi. Hakimiliki inabaki kwake. Matokeo yake ni kwamba vipande vya Linux vinamilikiwa na maelfu ya watu na kampuni, na hakuna mmoja anayeweza kuamka asubuhi akautoa mradi kwenye leseni yake ya GPL toleo la 2, hata awe Linus Torvalds mwenyewe aliyeuanzisha. Kampuni zinazopigana vikali sokoni zinaweka wahandisi wao pale mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila moja inajua kwamba nyingine haiwezi kuuteka mradi. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo haina kampuni inayoimiliki, na sijawahi kumsikia mtu aliyelala akiwa na wasiwasi juu ya leseni yake.

Lakini mkitumia leseni legevu, zinazomruhusu mtu karibu kila kitu, kama BSD au MIT, kufuta mkataba peke yake hakutoshi. Redis imeonyesha hivyo: msimbo wa BSD ukishatolewa, yeyote anaweza kuutumia ndani ya toleo jipya lenye masharti mengine, na mwenye jina ndiye anayeamua toleo lipi ni halali machoni pa watu. Kwa hiyo jina nalo litoke mikononi mwenu. Hili la jina huwa linasahaulika. Oracle ilipoamua mwaka 2017 kuikabidhi Java EE, sehemu ya Java kwa programu za mashirika, kwa Eclipse Foundation, watu walishangilia, lakini jina Java halikukabidhiwa, na makubaliano ya kuendelea kuunda vitu vipya chini ya neno javax, linaloanzisha majina ya sehemu zake ndani ya msimbo, hayakupatikana. Mradi ukaitwa Jakarta EE, na toleo lake la 9, mwishoni mwa 2020, likabadilisha neno hilo kila mahali. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu. Faili baada ya faili, import javax.servlet inakuwa import jakarta.servlet, kisha unagundua kwamba maktaba moja unayoitegemea bado inatumia neno la zamani na haitaongea na nyingine zote, unarudi nyuma, unasubiri. Neno moja tu, na limekula siku za kazi za watu wasiohesabika.

Kiswahili kimeziita taasisi kama Eclipse Foundation wakfu, na sijui kama tunauhisi uzito wa neno tulilolichagua. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na aliyeitoa hana tena uwezo wa kuirudisha mfukoni. Hicho ndicho ninachokitaka, kwa maana yake kamili. Wakfu ambao wajumbe wote wa bodi wanalipwa mshahara na kampuni moja ni idara ya kampuni hiyo, hata ukipewa jina zuri namna gani. Wekeni pale msimbo, alama ya biashara, na anwani ya mtandao. Wekeni bodini watunzaji wasio waajiriwa wenu, na mkubali kushindwa kwenye kura.

Najua mnaogopa mtabaki na nini. Kampuni ya Joyent iliogopa hivyohivyo, naamini, wakati Node.js, mazingira ya kuendeshea programu za lugha ya JavaScript, ilipokuwa mikononi mwake. Desemba 2014 wachangiaji wakubwa walijitenga na kuanzisha io.js kwa sababu maamuzi yalikuwa ya kampuni. Joyent ingeweza kung'ang'ania jina. Badala yake mwaka 2015 mradi ulikabidhiwa kwa wakfu, pande mbili zikaungana, na Septemba ya mwaka huo likatoka toleo la 4 lenye kazi ya wote. Huo ndio ugomvi ninaoujua mimi ulioisha kwa watu kurudi nyumbani, na ulikwisha hivyo kwa sababu mwenye mali aliachia mapema, kabla mioyo haijapoa. Google nayo iliikabidhi Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi, mwaka 2015, na inauza huduma zake mpaka leo. Uzeni huduma, uzeni msaada wa usiku wa manane, uzeni uzoefu wenu ambao hakuna mwingine anao. Kwa hilo tutalipa, na tutawashukuru.

Nina kiraka kingine. Ni cha mradi unaomilikiwa na mmoja wenu, mistari 31, kinarekebisha namna programu inavyoshikilia kumbukumbu baada ya mtumiaji kukata muunganisho. Kimepita majaribio yote, nimekitumia kazini miezi minne bila tatizo. Kabla ya kukituma nilifungua mkataba wa wachangiaji, na safari hii nimeusoma wote, neno kwa neno. Kifungu cha pili kinaipa kampuni haki ya kuitoa kazi yangu chini ya masharti yoyote. Nimekiacha kiraka kwenye kompyuta yangu. Siku mtakapokifuta kifungu hicho nitakituma jioni hiyohiyo, na nitabaki kujibu maswali ya atakayekikagua.

Wasalaam,

Mchangiaji